Lori ya dizeli haipati moto kwa baridi ya Julai? Mwongozo kamili, kutoka geji mpaka moshi

Kila baridi ya Juni ikiingia swali ni lilelile, na mwenye kuuliza huwa ashatumia pesa. Lori inawaka kwa shida, inatoa moshi mweupe wa kuchoma macho, sindano ya joto inakaa pale kwa C ya baridi kutoka Mlolongo mpaka Kinale, na dizeli inaenda kana kwamba tanki imetoboka. Ashanunua betri, ashabadilisha hita plagi zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha, kuna mtu akamwambia aweke oili nyepesi akaweka, na bado.

Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanaanzia upande wa kuwasha na ugonjwa uko upande wa kupata moto, yaani injini kufika joto lake la kazi. Hayo ni mambo mawili. Lori inayosumbua kuwaka lakini ikishawaka inapata moto baada ya kilomita chache, hiyo ni betri, hita plagi, hewa kwa laini ya mafuta au kompresheni, ile presha ya ndani ya silinda, ruka uende hatua ya 7. Lori inayowaka lakini haipati moto hata ukiendesha saa nzima, mshukiwa wa kwanza ni thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, na kwa lori nyingi zilizopita mikononi mwa mafundi wetu thamostati si ati ni mbovu, haiko kabisa.

Halafu tafadhali wachana na video za Canada na Alaska. Huko baridi inashuka mpaka digrii 30 chini ya sifuri, nta ya dizeli inaganda inaziba filta, na injini usiku inalala imechomekwa kwa stima ndio asubuhi iweze kuwaka. Nairobi asubuhi ya Julai ni digrii 10 hivi au 12, Limuru na Kinangop chini ya hapo kidogo, na kule Timboroa juu ya mita 2,700 ndio baridi inauma kweli. Hiyo baridi injini nzima haishindwi nayo. Kama yako inashindwa kuna kitu hakiko sawa, na hicho ndicho tunatafuta.

## Vitu vya kuandaa kabla hujashika spana

Usianze kufungua alafu ukumbuke unahitaji gasketi na ni Jumapili jioni. Weka hivi kando:

- Bunduki ya kupima joto, ile ya mwanga mwekundu, pamoja na tepu nyeusi ya umeme
- Thamomita ya kutumbukiza kwa maji inayofika angalau digrii 110, hata ile ya jikoni ya kupimia nyama iko sawa
- Sufuria ambayo mama watoto hataitafuta tena, jiko, na kipande cha uzi
- Soketi na spana za bolti za nyumba ya thamostati (nyingi ni 12, 13 au 14), na kisu butu cha kukwangua gasketi
- Ndoo safi ya kukinga maji ya rejeta
- Kulanti na maji yasiyo na chumvi, yale yanauzwa ya betri
- Malti-mita, na taa ya kutesti inayokubali volti 24 kama lori yako ni ya betri mbili
- Glavu nzito na matambara

Thamostati mpya usinunue saa hii. Utainunua hatua ya 4 ukijua unataka gani.

## Hatua ya 1: Hakikisha geji haikudanganyi

Kabla hujalaumu injini, laumu geji. Sensa ya joto ikichoka, au waya wake ukipata kutu pale kwa soketi, sindano inakaa chini hata kama maji yamefika digrii 90. Nimeona watu wakishusha rejeta nzima kwa sababu ya waya.

Bandika kipande cha tepu nyeusi kwa nyumba ya thamostati, pale hozi ya juu ya rejeta inaingia kwa injini. Hiyo tepu si urembo, chuma inayong'aa inadanganya bunduki na utasoma digrii chache kuliko ukweli. Endesha lori ikiwa na mzigo kiasi, dakika 20 au zaidi, simama pahali salama, usizime, piga bunduki juu ya tepu.

Ukisoma digrii 78 mpaka 90 na geji inasema C, injini yako ni mzima, nenda ubadilishe sensa na uoshe soketi yake, stori imeisha. Ukisoma 50 au 60, geji inasema ukweli. Endelea.

Onyo: usiweke mkono wala shati refu karibu na feni na mkanda ukipima. Simama kando.

## Hatua ya 2: Pima hozi mbili, juu na chini

Hii hatua haina gharama na inakwambia karibu kila kitu, sijui kwa nini watu huiruka.

Asubuhi injini ikiwa imelala usiku mzima, washa. Pima hozi ya juu ya rejeta kwa bunduki kila baada ya dakika mbili hivi, kama huna bunduki shika kwa mkono, alafu ufanye hivyo kwa ile ya chini.

Injini yenye thamostati nzima inafanya hivi: maji yanazunguka ndani ya bloki tu, rejeta haijui kama injini imewaka, hozi ya juu inabaki baridi kwa muda mrefu. Ukiendesha kidogo injini ifike joto lake, ghafla hozi ya juu inakuwa moto, kwa dakika moja au mbili hivi inatoka vuguvugu mpaka huwezi kuishika. Hapo ndio thamostati imefungua.

Injini isiyo na thamostati, au yenye iliyokwama wazi: hozi ya juu inaanza kupata uvuguvugu polepole kutoka dakika za kwanza, pamoja na rejeta yote, na haifiki kuwa moto wa kukuchoma. Unapasha maji ya injini na ya rejeta yote kwa pamoja huku feni inayapuliza. Lazima ichukue siku.

Ukiona hiyo ya pili, jibu tayari unalo.

## Hatua ya 3: Fungua nyumba ya thamostati

Injini iwe baridi kabisa. Na hii si ile ya kuambiwa tu: Nairobi tuko juu, maji ya kawaida yanachemka karibu digrii 94 au 95 badala ya 100, na ndani ya rejeta ni presha ya kifuniko tu inayoyazuia yasichemke. Ukifungua kifuniko injini ikiwa moto hiyo presha inaondoka mara moja, maji yanachemka ghafla na yanakuja usoni pamoja na mvuke. Subiri.

Fungua kifuniko, kinga maji kwa ndoo mpaka yashuke chini ya usawa wa nyumba ya thamostati, si lazima umwage yote. Angalia rangi. Maji mekundu ya kutu inamaanisha umekuwa ukitumia maji ya bomba tu, na utalipia hiyo kitu kando.

Toa bolti za nyumba, kwa mpangilio, zingine huwa ndefu kuliko zingine. Igonge kwa mpini wa nyundo ya mbao au raba, usiingize bisibisi katikati, ukikwaruza uso wa aluminiamu itavuja milele.

Angalia ndani. Kuna mambo matatu unaweza kukuta.

Moja, shimo tupu. Hiyo ndio ya kawaida. Lori ilichemsha siku moja pale mteremko wa Mai Mahiu ikipanda, fundi akatoa thamostati, ikaacha kuchemsha, kila mtu akafurahi, na baadaye ikauzwa kwako hivyo.

Mbili, thamostati iko lakini imekatwa katikati ikabaki pete tu. Hiyo ni ya fundi mwerevu kidogo, alijua gasketi inahitaji kitu cha kukalia.

Tatu, thamostati nzima. Itoe, tunaipima. Injini zingine kubwa zina mbili ndani ya nyumba moja, na digrii zake zinaweza kuwa tofauti, kwa hivyo andika kwa karatasi ile ya mbele na ile ya nyuma.

Sasa nieleze kwa nini kutoa thamostati ni ujinga hata hapa kwetu penye jua, kwa sababu utabishana na fundi wako na unahitaji maneno. Injini nyingi za lori zina njia ya pembeni, baipasi, inayorudisha maji kwa pampu wakati injini ni baridi. Thamostati ikifungua njia ya rejeta, sehemu yake ya chini huwa inafunga hiyo baipasi. Ukiitoa, baipasi inabaki wazi siku zote, na maji mengine yanazunguka humohumo ndani bila kupita rejeta. Kwa hivyo unapata lori ya ajabu, inakuwa baridi ikishuka kutoka Kinale kuja Nairobi saa kumi usiku, na ikipanda na mzigo mzito mchana bado inaweza kuchemsha. Hasara mbili kwa bei ya moja.

Kilichochemsha lori hapo mwanzo ni rejeta iliyoziba, kifuniko kisichoshika presha, pampu ya maji iliyoliwa mapanga, au mkanda uliolegea. Hivyo vyote bado viko hapo vinakungoja, hatua ya 5 utakutana navyo.

## Hatua ya 4: Pima thamostati kwa sufuria

Hata mpya pima. Ukinunua Grogan, kule kwa maduka ya spea Nairobi, unaweza kupewa nzuri na unaweza kupewa kopi, kwa macho hutazijua. Na usiende kuuliza kwa jina la lori tu. Ukisema "nataka ya FRR", yaani ile Isuzu, muuzaji atakuuliza injini gani na hutakuwa na jibu. Beba namba ya injini, na ile ya zamani kama ipo.

Angalia kwa pete ya thamostati, kuna namba imepigwa: 76.5, 82, 85, 88. Hiyo ni digrii inayoanzia kufungua. Nunua ileile ya injini yako. Kuna wenye watakushauri uchukue ya chini ndio isichemshe, kataa, utakuwa umerudi pale ulitoka.

Sasa kazi. Bonyeza mdomo wa thamostati ufunguke kidogo, ingiza uzi, uachie mdomo uubane. Ning'iniza thamostati kwa huo uzi ndani ya sufuria ya maji baridi, isiguse chini wala pembeni. Thamomita nayo ining'inie karibu, isiguse sufuria, chini ya sufuria kuna moto zaidi ya maji. Washa jiko, moto wa wastani.

Tulia hapo usiende kuchat. Maji yakipanda 70 vipovu vidogo vinaanza kupanda, thamostati haifanyi kitu. 78, 80, bado. Alafu ikifika karibu na namba yake mdomo unalegea kiasi cha unene wa ukucha, uzi unaachwa, thamostati inadondoka chini ya sufuria, ting. Hapo hapo soma thamomita. Ikiwa iko ndani ya digrii mbili au tatu za namba iliyopigwa, ni nzuri. Nta iliyo ndani ya kile kikombe cha shaba ndiyo imeyeyuka ikasukuma pini, hakuna stima wala kompyuta.

Endelea kuchemsha uone inafunguka mpaka mwisho, nyingi zinapanua milimita 8 mpaka 10. Lakini hapa watu wa Nairobi wanatupa thamostati nzima bila makosa: inahitaji kama digrii 10 au zaidi juu ya namba yake ndio ifunguke yote, ya 82 inafunguka yote karibu 95, ya 88 inahitaji hata 100. Maji ya sufuria yako hayatafika hapo, yatachemka 94 na kubaki 94 hata ukiongeza makaa. Ukiwa Limuru ni chini zaidi. Kwa hivyo ya 88 ikifunguka nusu kwa sufuria usiitupe, ndani ya injini yenye presha itafika.

Toa, weka kwa maji baridi. Lazima ijifunge kabisa, ishike kwa mwanga uangalie. Ikibaki na nafasi hata ndogo ya mwanga kupita, hiyo ndio imekuwa ikikupa injini baridi. Tupa. Usioshe na petroli, usigonge, usiweke tena.

## Hatua ya 5: Rudisha, jaza, toa hewa

Kwangua gasketi ya zamani yote, upande wa nyumba na upande wa injini. Weka gasketi au oring mpya. Silikoni weka kidogo kabisa kama ni lazima, ile inayobaki inafinyika ndani, inakatika na kwenda kukaa kwa vijia vya rejeta.

Thamostati ina upande. Kile kikombe cha shaba kinaangalia injini, kule maji moto yanatoka. Ukiigeuza haitapata joto la kuifungua na utachemsha lori kabla hujatoka gereji. Kama ina kitundu chenye kipini kinachocheza, kipini kiwe juu, ndio hewa itoke.

Kaza bolti kidogokidogo kwa zamu, si moja mpaka mwisho alafu nyingine.

Jaza kulanti na maji ya betri nusu kwa nusu, au kulanti iliyochanganywa tayari. Ndiyo, najua Nairobi maji hayagandi. Kulanti hapa si ya barafu, ni ya kuzuia kutu na kulinda laina za silinda zisitobolewe na vipovu, na inachemka kwa joto la juu kuliko maji. Maji ya kisima ya kule Mlolongo na Athi River yana chumvi, yanaacha magaga ndani ya rejeta kama yale unaona chini ya birika.

Jaza polepole. Fungua skrubu ya kutoa hewa kama injini yako inayo. Acha kifuniko cha rejeta wazi, washa injini ikiwa bado baridi, hita ya kebini iwe kwa moto mwisho, acha ingurume, ongeza maji yakishuka. Vipovu vikiisha funga kifuniko, usingoje mpaka maji yapate moto.

Sasa zunguka nayo, karibu na gereji, macho kwa geji. Unachotaka kuona ni sindano inapanda bila kusita, inafika katikati au chini yake kidogo, inashuka unywele mmoja thamostati ikifungua mara ya kwanza, alafu inakaa. Ikikaa hapo kwa barabara tambarare na kwa mteremko, kazi imekubali.

Ikipita katikati na kuendelea kupanda, simama. Kama hakuna hewa ndani na thamostati umeipima, basi ule ugonjwa wa zamani ndio huo umejitokeza. Usimruhusu fundi atoe thamostati tena. Peleka rejeta ioshwe kwa fimbo, badilisha kifuniko, angalia pampu na mkanda. Na kama maji yanapungua bila kuvuja nje, au kuna vipovu visivyoisha kwa rejeta, hiyo ni hedi gasketi na huu mwongozo hautakusaidia.

## Hatua ya 6: Angalia feni kama ilichomewa

Hii ni fupi. Lori nyingi zina klachi ya feni ya mafuta mazito, injini ikiwa baridi feni inazunguka kivivu, ikipata moto inashika. Kwa ile hofu yetu ya kuchemsha kuna mafundi huichomea au kuipiga bolti ishike siku zote. Injini ikiwa imezimwa na ni baridi, zungusha feni kwa mkono. Iende na ukinzani kidogo. Ikiwa imeganda na mkanda kama kitu kimoja, angalia alama za kuchomelea. Thamostati nzima itavumilia feni ya hivyo kwa kiasi fulani, lakini unalipa dizeli kila kilomita kuizungusha bure.

Na ile katoni ya mbele ya rejeta? Inafanya kazi, sikatai, madereva wa mboga wanaotoka Kinangop usiku kuja Marikiti wameitumia miaka mingi. Lakini ni bandeji. Pia kwa lori ya turbo mbele ya rejeta kuna intakula, kipoza hewa inayotoka kwa turbo, ukiiziba unaziba hewa ya injini. Na siku utaisahau na uanze kupanda na mzigo, utajua hujui.

## Hatua ya 7: Kuwasha na kupasha moto kila asubuhi

Betri. Kabla ya kuwasha, betri ya volti 12 iliyolala ikiwa nzima inasoma 12.6 hivi, ikisoma 12.2 iko nusu. Pima kila moja peke yake, kwa lori ya volti 24 huwa ni moja inaua mwenzake. Mtu akipiga stata zisishuke chini ya 9.6 kila moja. Zikishuka, safisha vichwa na waya wa bodi kwanza, kabla hujanunua.

Hita plagi. Toa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, shika klipu ya taa ya kutesti kwa chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Ukibadilisha, volti zilingane na za mfumo wa lori yako. Plagi ya 12 kwa lori ya 24 ncha yake inavimba, inakatika na kuanguka ndani ya silinda, na hapo utaijua bei ya pistoni. Ukiwasha, ngoja taa ya koili kwa dashibodi izime. Sekunde chache tu, lakini tanboi hana subira.

Ikizunguka vizuri na haiwaki, angalia hewa kwa laini ya mafuta. Usiku mafuta yanarudi tanki kupitia hozi iliyopasuka au klampu iliyolegea. Piga ile pampu ya mkono. Ikibonyea kirahisi mara nyingi kabla ya kuwa ngumu, umepata shida. Mwaga pia maji yaliyo chini ya filta.

Usiweke mafuta taa kwa dizeli ati ndio iwake haraka. Pampu na nozo za kupulizia dizeli zinalainishwa na dizeli yenyewe, mafuta taa ni makavu. Spreya ya kuwashia nayo usipulize kwa injini ambayo hita plagi zinawaka, inalipuka kwa inteki. Na moto wa matambara chini ya sampo, ile karai ya oili chini ya injini, sitaki hata kueleza.

Ikishawaka, usiresi. Oili bado haijafika kwa turbo na shafti yake inazunguka kavu. Acha ingurume yenyewe dakika tatu mpaka tano. Muda huo una kazi nao, hewa ya breki inajaa, tembea ukague tairi na taa. Buzza ikinyamaza na geji za hewa zikifika karibu bar 7 au 8, ondoka.

Ndiyo, ondoka injini ikiwa bado haijapata moto. Hapa ndio nabishana sana na madereva wazee. Dizeli ikinguruma imesimama inachoma mafuta kidogo sana na kuvuta hewa baridi nyingi, haitapata moto hata ukiiacha mpaka saa mbili. Unachofanya ni kumwaga dizeli isiyoungua kwa kuta za silinda, inaosha oili na kushuka kwa sampo. Injini inapata moto ikifanya kazi. Endesha gia za chini, mafuta kiasi, usiizidishe, kilomita tano mpaka kumi za kwanza. Sindano ikianza kutembea, sasa unaweza kuidai nguvu.

Baadhi ya lori za Kijapani, Isuzu zikiwemo, zina swichi ya kupasha moto kwa dashibodi. Inafunga vali ya breki ya egzosti ili injini ipumue kwa taabu na ipate joto haraka. Kama iko na inafanya kazi itumie, ukiondoka zima.

Onyo la mwisho kwa hatua hii, na si la injini. Usipashe lori moto ndani ya godauni iliyofungwa, na usilale kwenye kebini na jiko la makaa eti baridi ni nyingi. Ile gesi ya makaa haina harufu, na mtu haamki.

## Hatua ya 8: Soma moshi, alafu soma oili

Moshi mweupe unaochoma macho, dakika za kwanza tu, ni dizeli isiyoungua kwa sababu silinda ni baridi. Uishe kabla hujafika mbali. Ukiendelea hata sindano ikiwa katikati, ni nozo inayovuja, taimingi au kompresheni. Mweupe wenye utamu wa harufu ya kulanti, na maji yanapungua, ni gasketi. Bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, anza na filta ya hewa.

Kama lori imekuwa ikiendeshwa baridi kwa miezi, chomoa kijiti cha oili asubuhi. Usawa ukiwa umepanda kuliko ulivyoweka, na ukinusa unasikia dizeli, badilisha oili na filta sasa, usingoje kilomita za servisi. Rudisha ileile ya kawaida. 15W-40 hujaribiwa kwenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, Timboroa haiwezi kuitisha, kwa hivyo hakuna haja ya kununua oili nyepesi ya bei ghali. Ile inayosumbua asubuhi ni oili ya namba moja tu, SAE 40, inakuwa nzito kama uji. Ukiwa nayo ndiyo ya kubadilisha.

Alafu fuatilia wiki mbili: usawa wa oili usipande, maji yasishuke, sindano ikae pale pale katikati, na dizeli upime kwa safari ileile, mzigo uleule, tanki mpaka tanki. Yakikaa hivyo na bado asubuhi inawaka kwa kuomba, betri na plagi zikiwa nzima na laini haina hewa, mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda mbele yako na akuandikie namba. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake ndio mgonjwa. Zikiwa zote chini kwa usawa, injini imechoka, na hiyo pesa ya plagi za kila Julai anza kuiweka kwa ringi za pistoni.